Kurudi Nyuma Si Adhabu ya Kosa

Katika mambo mengi ambayo shule zetu huyafundisha kwa bidii ya kusifiwa, halimo moja ambalo kila mwenye kazi ya akili hulihitaji kila siku, nalo ni namna ya kurudi nyuma. Mwanafunzi hufundishwa kwenda mbele: asome swali, aandike hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha alifikie jibu na kulipigia mstari, na pindi njia inapomfungia katikati ya safari haambiwi la kufanya, hivyo ama hufuta kazi yote na kuanza upya kwa huzuni, ama huchungulia daftari la jirani, ama hukaa kimya akingoja kengele. Desturi hii imezaa imani mbaya, kwamba mwenye kurudi nyuma ni mwenye kukosa, na kwamba mwenye kukosa hastahili ila alama nyekundu. Naamini kuwa imani hiyo ni batili, na ubatili wake unaweza kuonyeshwa kwa burhani iliyo wazi, pasipo mawaidha marefu, kwa fumbo moja la tarakimu ambalo waandishi wa programu za kompyuta hulipenda, pamoja na mbinu wanayolitatulia.

Fumbo lenyewe ni hili. Zichukue tarakimu tisa, tangu 1 hadi 9, uzipange katika mstari mmoja, kila moja ikitumika mara moja tu, kwa sharti kwamba namba inayofanywa na tarakimu mbili za kwanza igawanyike kwa 2 bila baki, inayofanywa na tarakimu tatu za kwanza igawanyike kwa 3, inayofanywa na nne za kwanza igawanyike kwa 4, na hivyo hivyo kwenda mbele, hata namba nzima ya tarakimu tisa igawanyike kwa 9. Sharti hilo la mwisho ni hidaya, maana jumla ya tarakimu zote tisa ni 45, nayo 45 hugawanyika kwa 9, basi mpangilio wowote utakaoufanya utalitimiza. Lakini yale yaliyo katikati, kuanzia la 2 hadi la 8, yana ukali wake. Fumbo hili halitaki aljebra wala jiometria. Mtoto wa shule ya msingi aliyejifunza kwamba namba hugawanyika kwa 3 iwapo jumla ya tarakimu zake hugawanyika kwa 3, na kwamba hugawanyika kwa 4 iwapo tarakimu zake mbili za mwisho hugawanyika kwa 4, amekwisha kupewa zana zake karibu zote.

Mtu asiye na subira atasema kwamba dawa ni kupima kila mpangilio mpaka ule ulio sahihi uonekane. Mipangilio ya tarakimu tisa ni 362,880, na mtu mwenye kupima mmoja kwa dakika moja, asilale wala asile, angemaliza kazi hiyo baada ya siku 252. Kompyuta ya leo, ni kweli, huimaliza kwa muda mfupi mno, na kwa hiyo wako wanaodhani kwamba nguvu ya mashine imeondoa haja ya tafakuri. Walakini ongeza tarakimu kidogo uone. Mipangilio ya vitu ishirini inapita trilioni milioni mbili, na kompyuta yenye kupima milioni moja katika kila sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 77,000 kuipitia yote. Nguvu peke yake, basi, ina mwisho ulio karibu, na anayeitegemea hufika ukingoni mapema kuliko alivyodhani. Seuze binadamu mwenye kalamu moja na jioni moja.

Mbinu ya wajuzi ni nyingine. Hawajengi mpangilio mzima ndipo waupime, bali huujenga tarakimu kwa tarakimu, na kila tarakimu inapoongezwa huuliza papo hapo kama sharti la nafasi hiyo limetimia. Faida ya jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Tarakimu mbili za kwanza zinaweza kuwekwa kwa njia 72. Lakini kwa kuwa ya pili lazima iwe shufwa, yaani 2, 4, 6 au 8, na kila moja ya hizo inaweza kutanguliwa na yoyote kati ya nane nyingine, njia zinazosalimika ni 32 tu, na 40 huanguka palepale. Kila mojawapo ya hizo 40 ilikuwa imebeba nyuma yake mipangilio 5,040. Kwa hiyo kwa maswali arobaini mepesi, yaliyoulizwa mwanzoni kabisa mwa kazi, imeondolewa mipangilio 201,600, ambayo ni zaidi ya nusu ya yote, bila hata mmoja wake kuandikwa. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sijui mahali ambapo usemi huo unathibitika kwa hesabu iliyo dhahiri kuliko hapa.

Natamani msomaji aifuate safari hiyo kwa jicho lake, kwa hiyo nitaieleza kama kompyuta inavyoiendea, ikianza na tarakimu ndogo na kupanda. Inaweka 1. Inaongeza 2 na kupata 12, ambayo ni shufwa. Inaongeza 3 na kupata 123, ambayo jumla ya tarakimu zake ni 6, basi inagawanyika kwa 3. Inajaribu 1234, lakini 34 haigawanyiki kwa 4. Inajaribu 1235, nayo inakataa. Inajaribu 1236, na kwa kuwa 36 inagawanyika kwa 4, inakubali. Nafasi ya tano haipokei ila 5, basi tuna 12365. Nafasi ya sita inapokea 4, kwa kuwa 123654 ni shufwa na jumla ya tarakimu zake ni 21. Zimebaki 7, 8 na 9, na sharti lililo mbele ni la 7. Inajaribu 1236547 na kubakiwa na 4; inajaribu 1236548 na kubakiwa na 5; inajaribu 1236549 na kubakiwa na 6. Njia imefungwa.

Hapa ndipo moyo wa jambo ulipo, nami naomba tutue kidogo. Hakuna kosa lililotendeka. Namba 123654 ilitimiza kila sharti lililoulizwa mpaka hapo: la 2, la 3, la 4, la 5 na la 6. Lau fumbo lingekuwa la tarakimu sita tu, tangu 1 hadi 6, hilo lingekuwa jibu sahihi kabisa, na mwalimu angelipa alama zote. Hata hivyo mbele yake hapana njia, na hapakuwa na dalili yoyote ya nje ambayo ingeweza kuonwa kabla ya kufika. Hivyo ndivyo yalivyo mambo mengi ya dunia: mtu huchagua vema kwa kadiri ya yale yaliyojulikana, hupiga hatua zilizo halali kila moja, kisha hukuta ukuta. Kumwita mtu huyo mzembe ni dhuluma, na kumwadhibu ni kumfundisha kwamba siku nyingine asithubutu kuanza. Analotakiwa kufanya ni kurudi, na kurudi kwake si toba, kwa maana hakutenda dhambi. Ni sehemu ya kazi ile ile aliyoianza.

Tena kurudi kuna adabu yake. Kompyuta haifuti mstari wote na kuanza tena kwa 2. Inarudi hatua moja tu, mpaka nafasi ya sita, na kuuliza kama ipo tarakimu nyingine inayofaa hapo: 7 ni witiri, inakataliwa, 8 inaleta jumla ya 25, isiyogawanyika kwa 3, 9 ni witiri tena. Basi inarudi hatua nyingine, mpaka nafasi ya tano, ambako hapana mbadala wa 5. Inarudi tena mpaka nafasi ya nne, inajaribu 1237, 1238 na 1239, zote zinakataa. Inarudi mpaka nafasi ya tatu, inaiacha 3, inajaribu 124 na 125 ambazo hazigawanyiki kwa 3, kisha inakubaliwa na 126, na kutoka hapo inaanza kwenda mbele upya. Wakata mikoko wa delta ya Rufiji hufanya vivyo hivyo wanapoingia kijito kisicho na mwisho wa maana: hawarudi nyumbani, bali hurudi mpaka panda ya karibu na kushika mkono mwingine wa maji. Kila kilichokuwa kizuri nyuma ya panda hiyo hubaki kilivyo, na kila kilichokwisha kujaribiwa hakijaribiwi mara ya pili.

Programu yenye kuifanya kazi hiyo ni fupi, haizidi mistari ishirini katika lugha ya Python, na kiini chake ni amri moja yenye kujiita yenyewe. Amri hiyo hupokea tarakimu zilizokwisha kupangwa na kujiuliza kwanza kama zimetimia tisa. Zikiwa zimetimia, huliandika jibu. Zikiwa bado, huzichukua moja baada ya moja tarakimu ambazo hazijatumika, huiweka kila moja mwishoni mwa mstari, huitia alama ya kuwa imetumika, na kupima mgawanyo. Sharti likitimia, huita nakala nyingine ya nafsi yake, huikabidhi mstari uliorefuka kwa tarakimu moja, kisha yenyewe hukaa kungoja. Nakala ile nayo hufanya vivyo hivyo, na inayofuata vivyo hivyo, mpaka mojawapo ifike pasipo na njia. Hapo hukoma, na ile iliyoiita huamka, huiondoa tarakimu yake, huifutia alama, na kuijaribu inayofuata. Kompyuta haipotei katika marefu hayo, kwa sababu kila nakala inayongoja hukumbuka mahali ilipoachia, na katika fumbo letu nakala hizo kwa wakati wowote hazizidi kumi.

Katika maelezo hayo limo jambo dogo ambalo wanaoanza hulisahau mno, nalo ni kuifutia alama tarakimu iliyoondolewa. Asiyelifanya hilo programu yake haigomi wala hailalamiki; huendelea kana kwamba hapana neno, lakini huidhani tarakimu kuwa imetumika ilhali haimo tena mstarini, hivyo milango inafungwa mmoja baada ya mwingine bila haki, na mwishoni inatangaza kwamba fumbo halina jibu, hali jibu lipo. Kwa yakini hili ni funzo kubwa katika umbo dogo. Kurudi nyuma kwa kweli ni kuyarejesha mambo yalivyokuwa kabla ya kuchagua. Ni kurudisha ulichoazima, kuachilia ulichokishika, na kuitazama panda kwa macho yale yale uliyoitazama nayo mara ya kwanza. Wako watu wazima wengi waliorudi kutoka njia mbaya kwa miguu ilhali fikra zao zimebaki kule kule, na kwa sababu hiyo kila njia mpya wanaiona imefungwa.

Isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya mchezo yaliyobuniwa juzi. Mwaka 1848 mtunzi wa mafumbo ya sataranji wa Ujerumani, Max Bezzel, aliuliza ni kwa njia ngapi malkia wanane wanaweza kuwekwa juu ya ubao pasiwe na hata mmoja awezaye kumla mwenziwe. Swali hilo lilimshughulisha hata Carl Friedrich Gauss, na mwaka 1850 Franz Nauck akatoa jibu kamili, kwamba njia hizo ni 92. Kompyuta zilipokuja, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, D. H. Lehmer, ndiye aliyeipa mbinu ya kurudi nyuma jina lake katika miaka ya 1950, R. J. Walker akaieleza kwa utaratibu mwaka 1960. Solomon Golomb na Leonard Baumert wakaiandikia makala ya kina mwaka 1965. Na mwaka 1971 Niklaus Wirth wa Uswisi akalichukua fumbo lile la malkia wanane kuwa mfano wa kuwafundishia wanafunzi namna programu inavyojengwa hatua kwa hatua. Mabingwa hawa hawakuona haya kutumia mafumbo katika elimu ya juu, kwa kuwa walijua kwamba fumbo dogo huonyesha umbo la kazi kubwa. Anayepanga ratiba ya mitihani ili mwanafunzi mmoja asiitwe katika vyumba viwili kwa saa moja anakabiliwa na umbo lile lile la matatizo: machaguo mengi, masharti yenye kubanana, na haja ya kujua mapema ni lipi lisilo na mwisho.

Sasa nirudi kwenye fumbo letu, maana sijasema namna akili ya binadamu inavyoweza kuisaidia mashine, na mashine isiyosaidiwa na akili hufanya taabu isiyo ya lazima. Tarakimu ya tano haiwezi kuwa ila 5, kwa sababu 0 haimo. Nafasi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane zinataka shufwa, na shufwa tulizo nazo ni nne tu. Basi witiri zilizobaki, yaani 1, 3, 7 na 9, hazina pa kwenda ila nafasi ya kwanza, ya tatu, ya saba na ya tisa. Kwa mawazo mawili hayo, ambayo hayakugharimu hata tone la jasho, mipangilio imeshuka kutoka 362,880 hadi 576. Tena, kwa kuwa tarakimu ya tatu ni witiri, sharti la 4 linailazimisha ya nne iwe 2 au 6, na kwa hoja iliyo jirani na hiyo sharti la 8 linailazimisha ya nane nayo iwe 2 au 6. Kwa hiyo 4 na 8 zimeachiwa nafasi ya pili na ya sita. Kisha sharti la 6, likishikana mkono na lile la 3, linadai kwamba jumla ya tarakimu ya nne, ya tano na ya sita igawanyike kwa 3, na hapo katikati ya mstari hapawezi kukaa ila 258 au 654.

Ukiifuata njia ya 258 kwa masharti ya 3 na ya 8, unapata mipangilio miwili tu: 147258963 na 741258963. Ukiifuata njia ya 654 unapata minane: 189654327, 981654327, 789654321, 987654321, 183654729, 381654729, 189654723 na 981654723. Hiyo kumi ndiyo yote iliyosalia katika kundi la 362,880, na hakimu wake wa mwisho ni sharti la 7. Zigawanye tarakimu saba za kwanza za kila mmoja kwa 7, nao tisa watabakiwa na kitu, ama 2, ama 4, ama 5, ama 6. Mmoja tu ndiye asiyebakiwa, kwa kuwa 3816547 ni sawasawa na 7 mara 545,221. Jibu, basi, ni 381654729, na hakuna jingine.

Neno hilo la mwisho, kwamba hakuna jingine, ndilo tunu kubwa kuliko jibu lenyewe. Mtu anaweza kulibahatisha 381654729, au kulisikia kwa rafiki, au kulisoma katika gazeti hili. Lakini hawezi kusema kwa haki kwamba halina mwenziwe mpaka awe amepita kila panda na kurudi. Mwenye kutafuta bila utaratibu, asipoona, husema sijaona. Mwenye kutafuta kwa utaratibu, akirudi kutoka tawi la mwisho, husema halipo, na kati ya kauli mbili hizo pana umbali mkubwa. Tarakimu zikiruhusiwa kurudiwa na 0 ikiingizwa, namba ndefu kuliko zote yenye sifa hii ina tarakimu 25, nayo ni 3608528850368400786036725. Kwamba hapana yenye tarakimu 26 kunajulikana kwa sababu matawi yote yamefuatwa mpaka yalipokatika yenyewe. Mwaka 2012 Gordon McGuire na wenzake wa Dublin, kwa upekuzi mrefu wa kompyuta, walithibitisha kwamba fumbo la sudoku lililopewa tarakimu 16 tu haliwezi kuwa na jibu la pekee, na kwamba uchache wake ni 17. Watu walikuwa wamelitafuta lile la 16 kwa miaka bila kuliona, wala kutoona kwao hakukuwa ithibati. Ithibati ilipatikana pale ilipopekuliwa kila nafasi.

Najua yatakayosemwa kuyapinga maoni haya, na ni insafu kuyajibu. La kwanza ni kwamba siku hizi ipo akili mnemba, ambayo ukiiomba programu ya fumbo hili itakuandikia kabla hujamaliza kunywa chai, basi kuna haja gani ya kumchosha mtoto? Jibu langu ni kwamba mtoto hachoshwi ili programu ipatikane, bali ili mtu apatikane. Tumeona kwamba programu iliyosahau kufuta alama hutangaza kwa sauti ile ile tulivu kuwa jibu halipo. Na asiyewahi kupita njia hiyo kwa kalamu yake atamkadhibisha nani, na kwa hoja gani? Kadiri mashine zinavyozidi kutuandikia, ndivyo tunavyozidi kuhitaji watu wawezao kuzihukumu, na hukumu haipatikani kwa kuazima.

La pili ni uhaba wa vyombo, na huu ni ukweli usiokanika, kwa maana shule nyingi za Afrika Mashariki hazina kompyuta za kutosha, na nyingine hazina umeme wa kuziwashia. Lakini msomaji ameona kwamba kila nilichokieleza kimefanyika kwa mgawanyo wa kawaida. Ubao mmoja na chaki vyatosha. Watoto tisa waliovishwa vibao vya tarakimu, wakasimamishwa katika mstari mmoja, mmoja akiitwa na mwingine akirudishwa kwa kadiri masharti yanavyosema, wataifanya programu nzima kwa miguu yao, na siku watakapoiona kompyuta wataikuta inafanya jambo ambalo wao walikwisha kulielewa. Shule isingoje maabara ndipo ianze kufundisha fikra.

La tatu ni kwamba mambo haya ni ya Kiingereza, na yasubiri sekondari. Sikubali. Nchini Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali hujifunza hisabati kwa Kiswahili, na katika maelezo yote ya hapo juu sikuhitaji kumtoa katika lugha yake hata mara moja, kwa kuwa maneno ya kazi anayo tangu darasani. Kumwambia kwamba tafakuri ya namna hii itamjia miaka mingi baadaye, pamoja na lugha nyingine, ni kumwekea deni asilolikopa. Afundishwe sasa, kwa maneno ya nyumbani kwao, na lugha nyingine ikija itamkuta ana jambo la kusema.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa hisabati, wa bara na wa visiwani, wa Tanzania na wa Kenya, wajaribu jambo moja katika muhula huu. Wawape wanafunzi wao fumbo dogo la tarakimu sita, tangu 1 hadi 6, kwa masharti yale yale ya kuanzia 2 mpaka 6. Majibu yake ni mawili, 123654 na 321654, wala hakuna la tatu. Wasiwaambie idadi hiyo. Wawaambie waandike kila njia waliyoijaribu, na mahali kila moja ilipofungwa, na panda waliyoirudia. Kisha, wakati wa kusahihisha, watoe alama kwa njia zilizofungwa kama wanavyozitoa kwa jibu, na waziongeze kwa yule atakayeweza kueleza kwa nini hakuna jibu la tatu. Wazazi nao, mtoto anapoleta daftari lenye mistari iliyokatwa, wasiulize upesi ni mangapi aliyokosa, bali waulize alirudi wapi na kwa nini. Nasi wa magazeti tunayo nafasi ya mafumbo katika kurasa zetu, na hapana kinachotuzuia kuchapisha, wiki moja baada ya fumbo, safari yote ya kulitatua pamoja na jibu lake. Gharama ya mambo haya matatu ni ndogo mno, na kijana atakayelelewa nayo hataona aibu kurudi mpaka panda ya karibu pindi njia inapomfungia, wala hatakubali kuambiwa kwamba jambo halipo mpaka aonyeshwe kwamba limetafutwa kila mahali.